Google ya moto: vivinjari vyangu vitatu katika sekretariati ya Lubumbashi

Mteja akiingia kwangu hasemi kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Anasema, "Yaya (ndivyo huku tunavyomwita mkubwa kwa heshima), unifungulie Google." Google kwake ni Chrome, ni mahali pa kutafutia, ni sanduku lake la barua pepe, na siku nyingine ni kompyuta yenyewe. Waliokaa shuleni muda mrefu husema navigateur, kwa Kifaransa chetu. Sijawahi kumsahihisha mtu. Lakini akiniuliza kipi ni kizuri, namrudishia maswali mawili: mega unazotumia, yaani data ya intaneti, nani anazilipa? Na ukiinuka kwenye kiti hicho, nani anakaa baada yako?

Nina sekretariati ndogo upande wa barabara ya Kasapa, wanakopita wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tunachapa TFC, zile kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo, tunatoa fotokopi za karte za mchaguzi, tunajaza fomu za kwenye mtandao. Kompyuta ni mbili za mezani. Ile mpya haina hadithi. Ile ya zamani ina RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya giga 4 tu na bado inatumia Windows 7, Windows ya zamani. Najua, msinicheke, mashine inayoingiza franga kila siku haitupwi. Intaneti naichukua kwenye simu, kwa forfait, kifurushi cha data, ninayonunua mwenyewe, kwa hiyo kila ukurasa mzito unaofunguka hapa unapita kwanza mfukoni mwangu.

Nilianza na Chrome kama kila mtu. Ilitoka mwaka 2008, na kwa nini watu wanaipenda si siri: inafungua karibu kila kitu. Wanaotengeneza tovuti huijaribu kazi yao ndani ya Chrome kwanza, ndiyo maana fomu iliyokataa kwingine mara nyingi hukubali hapo. Kwenye simu za Android unaikuta imeshawekwa tayari, na mtu hatafuti kile alichopewa bure. Halafu ukiingia kwa akaunti yako, kila ulichokiacha kwenye simu unakikuta kwenye kompyuta. Kwa mwenye mashine yake mwenyewe, kumbukumbu njema na umeme usiokatika, sina la kumwambia. Abaki huko huko.

Mimi si mtu huyo. Chrome huendesha tovuti tofauti katika michakato iliyotengana, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Ni wazo zuri, ila linakula RAM, na kwenye giga 4, ukifungua vichupo kumi, yaani kurasa kumi kwa mara moja, huku Word iko wazi, mashine inaanza kupumua kama mzee anayepanda ngazi. Pia toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni la 109, la Januari 2023. Baada ya hapo kivinjari kinafunguka, lakini hakipati tena viraka vya usalama. Kwenye kompyuta ambayo wageni huandika nywila zao, hilo lilinikosesha raha.

Wapo walioniambia nihamie Edge, au Brave, au Opera ya kompyuta. Nilizijaribu kidogo. Hizo zote ni watoto wa tumbo moja: ndani yake mna Chromium, msingi ule ule wa Chrome. Edge yenyewe iliingia humo mwaka 2020. Brave ina faida yake, inazuia matangazo bila kuombwa, na kijana anayenisaidia kazi anaisifu sana. Ila kwa mashine yangu kuukuu zilinirudisha pale pale nilipokuwa nakimbia.

Kwenye simu mambo ni mengine kabisa, kwa sababu simu ndiyo inayojua uchungu wa mega. Opera Mini ipo tangu mwaka 2005, ilitokea Norwe, na wengi tulianza nayo kwenye simu za vitufe. Ujanja wake ni huu: katika hali ya kubana sana, ukurasa hauji moja kwa moja kwako. Unakwenda kwanza kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, za Opera, unapunguzwa, picha zinakondeshwa, kisha unaletewa kifurushi kidogo. Mtandao ukiwa hafifu, saa zile za jioni ambapo kila mtu yuko mtandaoni, tofauti unaiona kwa macho.

Nilifanya jaribio langu la kienyeji. Wiki moja nilisoma kurasa zile zile kwa vivinjari vitatu, kisha nikafungua mipangilio ya simu, mahali panapoonyesha kila programu imekula data kiasi gani. Opera Mini ilikuwa chini kabisa. Firefox, kivinjari nitakachokieleza mbele, yenye kizuia matangazo ikafuata. Chrome ikawa juu. Si kwamba Chrome ina ulafi wa ajabu: inaleta ukurasa kama ulivyo, pamoja na video za matangazo ambazo hukuziomba. Zamani ilikuwa na hali yake ya kuokoa data, lakini Google waliiondoa mwaka 2022. Mteja wangu mmoja wa Katuba hajawasamehe. "Yaya, iyi Google iko nakula mega yangu," huniambia, kana kwamba ni mimi niliyeiondoa.

Lakini ubanaji una bei yake. Ili seva ya katikati iubane ukurasa, lazima iufungue. Kusoma habari za mpira kwa njia hiyo sioni shida. Kuingiza nywila ya pesa, hapana. Na kurasa zenye menyu za kufunguka-funguka hazipatani na hali ile ya kubana sana. Mwanafunzi mmoja alikuja karibu analia, siku ya mwisho ya kujiandikisha, menyu ya kuchagua kitivo haifunguki kwenye simu yake. Nilimbadilishia tu hali ya kubana kwenye mipangilio, fomu ikaenda. Hakulipa kitu, na mpaka leo ananiletea wenzake.

Hapo katikati nilikuwa pia na kivinjari kilichokuja na simu yangu, jina nalihifadhi. Kila asubuhi kilikuwa kinaniamsha kwa umbea wa wasanii nisiowajua, na video zake zilijianzisha zenyewe. Nilikizima.

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya nibadilishe kila kitu, na hakina uhusiano na kasi wala mega.

Alasiri moja mama muuza vitenge wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, alikuja kusoma barua pepe ya mwanawe aliyeko Afrika Kusini, achape na viambatisho. Tukiwa katikati, kuran, yaani umeme, ikaenda. Kompyuta za mezani hazina betri, zikazima papo hapo. Mama akangoja, akachoka, akasema atarudi kesho. Baada ya saa mbili hivi umeme ukarudi, akaingia kijana mwenye haraka zake. Nikawasha mashine, kivinjari kikaniuliza kama nirudishe kurasa zilizokuwa wazi. Kulikuwa na kazi yangu humo, nikabofya ndiyo. Kwenye kioo kizima ikajitandaza barua ya mtoto wa mama yule, ikianza na habari ya deni. Kijana akaisoma mstari wa kwanza kwa sauti kabla sijaifunga. Kumbe wanakaa avenue moja.

Kesho yake mama alikuja, habari imeshamfikia. Hakupiga kelele. Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi: "Mwanangu, iyi mashini yako inasemaka?"

Kosa lilikuwa langu, si la kivinjari. Kurudisha kurasa baada ya umeme kukatika ni huduma nzuri, vivinjari vikubwa vyote vinayo, na nyumbani naishukuru. Ila hapa kwangu, ambapo kiti kimoja kinakaliwa na watu thelathini kwa siku, kivinjari kinachokumbuka sana ni hatari. Nikaanza kutafuta kinachosahau.

Chrome ina hali fiche, dirisha lisilohifadhi historia, na kwenye kompyuta ina pia hali ya mgeni. Zote zinafaa. Shida ni mimi: foleni ikiwa ndefu nasahau kuzifungua, nabofya alama ya kawaida. Kwenye Firefox nilipata sehemu moja ya mipangilio, kwa Kifaransa imeandikwa "Ne jamais conserver l'historique", yaani usihifadhi historia kamwe. Ukiichagua, kivinjari kinajizima na kuwaka tena, na tangu hapo kila dirisha linalofunguka ni la faragha, bila kukumbushwa. Umeme ukikatika, dirisha hilo halirudi. Mteja anaanza upya, ananuna kidogo, lakini barua yake haisomwi na jirani.

Mambo mengine nikayakuta njiani. Mozilla, wenye Firefox, waliendelea kutoa viraka vya usalama vya toleo la 115 kwa Windows 7 muda mrefu baada ya Chrome kuiacha, hivyo mashine yangu ya zamani ikapata pumzi. Kiendelezi cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo, kinafanya kazi kwenye Firefox ya kompyuta na ya simu za Android pia, wakati Chrome imeshakifungia mlango kwa kanuni zake mpya za viendelezi. Kwa mtu anayelipa mega mwenyewe, tangazo lisilopakuliwa ni franga zilizobaki. Na Firefox haina damu ya Chromium, ina injini yake, ile sehemu inayochora kurasa, iitwayo Gecko. Wateja hawajali hilo. Mimi najali kidogo, sipendi barabara zote za mji ziwe za mtu mmoja. Ingawa, tusidanganyane, sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google hao hao, wanaolipa ili wawe mtambo wa kutafuta unaokuja nayo.

Sikusema haina ila. Mara chache fomu inagoma, nahamia Chrome kwenye kompyuta mpya, tunamaliza. Na faragha yenyewe si blanketi zima. Inafuta historia ya mashine hii tu. Kampuni ya simu na tovuti unayoitembelea bado zinakuona. Google wenyewe walishtakiwa Marekani kuhusu hali fiche, na mwaka 2024 wakakubali kufuta rekodi walizokusanya. Jambo jingine, mafaili yaliyopakuliwa hayafutiki dirisha likifungwa. Nililigundua nilipofungua folda ya Téléchargements nikakuta pasipoti, diploma na karte za mchaguzi za nusu ya mji. Sasa kila jioni, kabla ya kufunga mlango, naisafisha kwa mkono.

Wenye iPhone hupenda kunibishia kuhusu hili lote. Juzi mmoja alijisifu kwamba Chrome yake inashinda Safari ya mwenzake. Nikawaambia kwamba kwenye iPhone za huku kwetu Chrome inatumia injini ya Apple, ile ile ya Safari, rangi ya nje tu ndiyo tofauti. Waliniangalia kama mwongo, wakaendelea kubishana.

Kwa hiyo nimebaki hivi: Opera Mini kwenye simu kwa kusoma tu, Chrome kwenye kompyuta mpya kwa fomu korofi, Firefox kwenye ile ya zamani kwa barua na mambo ya watu. Mama wa vitenge alikaa miezi miwili bila kuja. Aliporudi nilimwonyesha alama ya mnyama mwenye mkia wa moto, nikamweleza. Siku hizi akifika hataki kompyuta mpya. "Fungula ile Google ya moto," anasema, "ile haikumbukaka." Akimaliza anasimama nyuma yangu, mkoba kifuani, mpaka aone dirisha limefungwa. Hapo ndipo anapotoa franga.