Umeandikiwa "umejiachisha kazi"? Huduma ya rufaa Tume nimeiona, naipa nyota nne

Watumishi wa halmashauri hii iwafikie, hasa nyie mlioambiwa kesi ya utoro haina pa kwenda. Nimemsaidia mdogo wangu kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma na kwakweli huduma ipo na inafanya kazi.

Mdogo wangu ni muuguzi, halmashauri yake siitaji. Alienda msibani kwa ruhusa, akaugua huko huko akalazwa, akapewa ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi kwa ugonjwa), akaipiga picha akamtumia mfawidhi wa kituo chake whatsapp na mfawidhi akajibu pole. Kurudi kituoni anakuta mshahara umestopishwa na barua inamsubiri, eti umejiachisha kazi mwenyewe kwa kutoonekana kituoni. Hati ya mashtaka hakuna, kuulizwa ulikuwa wapi hakuna, yaani anahesabiwa kama mtu aliyeandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake! Afisa utumishi anamwambia siku tano zikipita ndio imeisha hiyo.

Haijaisha jamani. Kanuni zetu za utumishi wa umma Tanzania zinasema kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa au sababu ya msingi ni kosa na adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa, hilo halina ubishi, lakini kosa linathibitishwa, mtu anapewa hati ya mashtaka anajitetea, uchunguzi unafanyika, ndio mkurugenzi anaamua. Siku tano zinafungua shauri, hazilifungi. Wanaohesabu moja kwa moja ni Afrika Kusini, sheria yao ya utumishi wa umma ya 1994 inasema ukipitiliza mwezi bila ruhusa unahesabika umefukuzwa, na hata huko ukirudi na sababu nzuri wanaweza kukurudisha.

Naelewa mabosi wanaogopa nini. Toka sakata la watumishi hewa 2016, mpaka mkuu wa mkoa wa Shinyanga aliondolewa Aprili ile baada ya kusema mkoani kwake hewa hakuna, nani tena anataka kukutwa analipa mshahara wa mtu hayupo? Na watoro wa kweli wapo, mtu yuko mjini na duka lake wodini kabaki muuguzi mmoja na wazazi wamejaa, huyo mimi simtetei hata kidogo. Ila kustopisha mshahara ili pesa ya serikali isipotee ni jambo moja na kumfuta mtu kazi bila kumsikiliza ni jambo lingine, na wanaozichanganya ndio wanaofanya hata mtoro wa kweli ashinde rufaa kirahisi kwasababu utaratibu ulirukwa.

Sasa huduma yenyewe. Rufaa tumeiandika wenyewe bila wakili, muda ni siku 45 toka upokee uamuzi, unaeleza sababu zako na kuambatanisha barua, ED, vyeti vya hospitali, na nakala unampa mamlaka yako ya nidhamu. Msikimbilie CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) kwanza, toka marekebisho ya sheria ya 2016 mtumishi wa umma lazima amalize ngazi za ndani kabla ya kwenda huko, utapoteza muda na 45 zitakupita. Majibu yalikuja kwa maandishi, yanaeleweka, uamuzi umefutwa na mwajiri kaambiwa kama bado anamtuhumu aanze upya kwa kufuata taratibu. Asiyeridhika anaenda kwa Rais, na hapo ndio mwisho wa ngazi za ndani.

Nyota moja nimeibakiza kwasababu kipindi chote unasubiri huna mshahara, watoto wanataka kula na kodi ya nyumba haisubiri, hilo linaumiza sana familia.

Halmashauri nayo naipa nyota moja, ya dada wa masijala aliyetutafutia kopi za faili bila usumbufu. Na ED msiishie kutuma whatsapp, mpe ndugu aipeleke masijala wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako, mdogo wangu angekuwa nao barua ile isingeandikwa.