Gaini: kuijaza mita au kuacha nafasi?

Ukirekodi ngoma Bagamoyo, priampu, yaani kikuza sauti cha maikrofoni, waweza kuipanga kwa namna mbili. Wapo wanaopandisha gaini, kiasi cha kukuza sauti, hadi mita ikaribie 0 dBFS, kikomo cha juu cha sauti ya dijitali. Enzi za rekodi za biti 16, zenye upana wa desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele, walikuwa na hoja: sauti ndogo ilikaribia mno kelele za mashine. Leo kigeuzi cha dijitali, kinachogeuza sauti kuwa namba, kwa kawaida ni cha biti 24, chenye upana mkubwa zaidi, hivyo hoja hiyo imeisha nguvu. Na mita ikiwa imejaa, mpiga ngoma akichachamaa, pigo moja tu linavuka kikomo na kukatwa kichwa, na kulirekebisha baadaye ni kubahatisha.

Mimi naacha nafasi: wastani -18 dBFS, vilele visivuke -8. Kelele? Feni ya dari inakizidi kigeuzi kwa mbali! Kwa zeze, lenye sauti ndogo, sogeza kwanza maikrofoni, ndipo uguse gaini.