Skana ndogo ya bluetooth kwa dizeli inayomisi asubuhi: inafaa, ila itumie mashine ikiwa baridi

Nilinunua hiki kidude cha kusoma kompyuta ya gari kwa sababu ya ugonjwa mmoja tu. Pikapu ya dizeli, kamon reli (pampu inajaza dizeli kwa presha kubwa kwenye bomba moja, yaani reli, linalolisha nozeli zote), ikilala usiku kucha asubuhi ukiiwasha inawaka kwa shida, inamisi (silinda nyingine hazichomi vizuri), bodi zima linatikisika, eksozi inatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, halafu ikishapata joto kidogo inatulia kabisa kama hakukuwa na kitu. Ukiipeleka kwa fundi saa nne imeshapoa hasira, anaisikiliza anakwambia mbona nzima, au anakwambia badilisha nozeli zote, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Na nozeli moja tu bei yake inaizidi hii skana kwa mbali, kwahiyo nikaona bora nianze na skana.

Yenyewe ni kile kiplagi kinachoingia kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, unaunganisha na simu kwa bluetooth. Kufunga hakuna shida hata kidogo. Shida ni app. Ile ya bure inakusomea kodi za hitilafu (namba za makosa ambazo kompyuta imeziweka) tu basi, na wengi wanaishia hapo halafu wanakuja kulalamika eti skana haina maana. Kwa ugonjwa huu kodi unaweza usipate hata moja, sisi taa ya injini haikuwaka wala kodi haikuwepo. Ukibahatika kuiona P0671 ujue mzunguko wa plagi ya joto (inayopasha silinda moto kabla ya kuwaka) ya silinda ya kwanza una shida, P0672 ya pili, unaenda hivyo hivyo, na P0087 ni presha ya reli iko chini. Ila gari za zamani ambazo plagi zake zinawashwa na relei tu bila kontrola, plagi inaweza kufa na kompyuta isijue lolote. Hapo chukua multimita: plagi nzima kwa kawaida inasoma chini ya om 2, iliyokatika haisomi kitu. Skana haitakusaidia hapo na tusiidai.

Kilichonifanya niipende ni data za moja kwa moja, hii sehemu inalipiwa lakini lipia tu. Asubuhi kabla hujagusa stata washa swichi, soma joto la maji ya injini, joto la hewa inayoingia, na joto la dizeli kama gari yako inaonyesha. Gari imelala usiku mzima kwahiyo hizo namba zote zinatakiwa ziwe karibu sawa, maana kila kitu kimepoa pamoja. Ukikuta maji yanasoma nyuzi 60 wakati injini ni ya baridi kabisa, sensa inadanganya, kompyuta inaamini injini ina joto na inakata muda wa plagi, lazima imisi. Ikisoma -40 hapo waya umekatika au konekta imeachia. Yani kitu cha dakika moja ambacho watu wanakiruka wanakimbilia kufungua mashine!

Kwetu joto lilikuwa sawa. Nikaweka volti ya betri na presha ya reli kwenye grafu nikapiga stata. Betri ilikuwa vizuri (ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka anza na betri kwanza, usihangaike na mengine). Lakini presha sasa. Mashine nyingi za kamon reli kompyuta hairuhusu nozeli kufunguka mpaka reli ifike bar kati ya 200 na 300 hivi, inategemea mashine, na yetu mstari ulikuwa unapanda kwa kusuasua, unafika mia na kitu unarudi chini, unapanda tena, ndipo inawaka, na hata ikishawaka ule mstari ulikuwa unarukaruka kwa kufuatana kabisa na ile mimisi niliyokuwa naisikia. Nikawasha tena ikiwa ya moto, mstari ukapanda moja kwa moja bila kusita. Pia app ilinionyesha marekebisho ya mafuta kwa kila silinda, yaani dizeli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza (hii inategemea aina ya gari, sio zote zinatoa hizo data) na hakuna silinda iliyokuwa imejitenga na wenzake. Ingekuwa nozeli moja au kompresheni ya silinda moja, hiyo silinda ingejianika yenyewe.

Skana inaishia hapo. Inakwambia presha haipandi, haikwambii kwa nini. Kuna jaribio la bure kwa wenye pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli: asubuhi kabla ya kuwasha pampu mpaka iwe ngumu, halafu piga stata. Ikiwaka safi bila kumisi, mafuta yalikuwa yanarudi kwenye tenki usiku na hewa inaingia kwenye laini. Yetu iliwaka safi. Tukaunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga baada ya filta, vipovu hivyo vinapita kimoja kimoja, na chanzo kilikuwa oringi (mpira wa duara wa kuziba) ya kichwa cha filta imekauka. Haikuwa inavujisha nje hata tone, kwa sababu upande ule pampu inavuta, kwahiyo inanyonya hewa badala ya kutoa mafuta. Ndio maana kwa macho huoni.

Lawama zangu. Ukiweka data nyingi kwa mpigo inakuwa nzito, grafu inarukia namba na unakosa kile unachokitafuta, weka mbili au tatu tu. Maelezo ya kodi kwenye app ni ya jumla jumla, usiyaamini kama hukumu. Na usiiache imechomekwa usiku, inakula betri taratibu, halafu asubuhi unaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe. Nimeipa nyota nne, ile ya tano imekatwa na app.

Kwa wenye malori makubwa ya volti 24 msiikurupukie hii. Baadhi soketi yake ni ya duara na lugha ya kompyuta yake ni nyingine, na hata ukipata adapta hakikisha imeandikwa inahimili volti 24, skana ya volti 12 unaweza kuiunguza mara ya kwanza tu. Pia mengi ya hayo hayana plagi za joto kabisa, yana hita ya hewa kwenye manifoldi, kwahiyo ile habari ya P0671 haiwahusu.