Good2Go na iConsent: ridhaa ya kubonyeza

Mwanachuo wa Iyunga (Mbeya) au Mkwawa (Iringa) anayetaka programu ya simu ya kurekodi kwamba mwenzake ameridhia kufanya mapenzi, asihangaike kuitafuta Good2Go. Ilitoka Marekani Septemba 2014, na mwezi uliofuata Apple wakaiondoa dukani. Ilikuwa hivi: unampa mwenzako simu yako, anachagua kati ya hapana, ndiyo ila tuongee kwanza, au niko tayari. Akikubali anaulizwa amelewa kiasi gani. Ngazi zilikuwa nne, na ya juu kabisa ilizuia kila kitu. Kisha anaweka namba yake na neno la siri. Swali la pombe lilikuwa zuri, isipokuwa mlevi mwenyewe ndiye aliyeachiwa ajipime. Nyota moja.

iConsent ya Denmark ilikuja 2021, mwaka ambao sheria yao ya ridhaa ilianza kutumika. Unatuma ombi kwa namba ya mwenzako, naye anakubali kwenye simu yake. Ridhaa hiyo hudumu saa 24, ni ya tendo moja, na anaweza kuifuta. Nyota mbili, kwa sababu kila mmoja anashika simu yake. Ila kufuta kunahitaji chaji na bando. Binti aliyebadili mawazo saa sita usiku kwenye geto la Soweto ya Mbeya, simu yake iko mezani upande wa jamaa, ataifuta saa ngapi?

Kwa sheria zetu za Tanzania ni balaa zaidi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu hakitambui ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au hofu ya kuumizwa, na skrini haioni nani kamsimamia anayebonyeza. Binti wa miaka 17 ambaye hajaolewa hata akibonyeza mara kumi, bado ni ubakaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu kumbukumbu ya simu kupokelewa mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa namna ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na mwandishi alivyotambuliwa. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la dada, au simu moja inatumiwa na watu watatu hosteli, wakili hatapata shida kuibomoa.

Programu yoyote inayodai video ya uso, achana nayo. Mkigombana, hiyo ndiyo itakayozunguka kwenye magrupu. Ukishatishiwa nayo usifute meseji: piga picha ya skrini ionyeshe namba, tarehe na saa, uende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na simu yenyewe.