The Gum Thief: ukiisoma vibaya utaiacha njiani

Habari zenu watazamaji. Leo ni The Gum Thief, riwaya ya Mkanada Douglas Coupland iliyotoka mwaka 2007. Wauza steshenari wa Arusha, na nyie mnaopanga bidhaa supamaketi, sogeeni karibu.

Kisa kiko kwenye tawi la Staples, duka kubwa la vifaa vya ofisi. Msilifananishe na steshenari za mjini kwetu. Hapa mteja anasimama kaunta, anatoa kopi mbili, ananunua kalamu, na stori mnapiga. Kule anajichukulia mwenyewe, kazi yako ni kupanga rafu, ikivurugwa unapanga tena. Kuboeka kwa riwaya hii kunaanzia hapo: umezungukwa na watu na hakuna wa kuongea naye.

Roger ni mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, ameachana na mkewe, pombe haimwachi. Bethany ni binti wa miaka ishirini na kitu, midomo ameipaka rangi nyeusi. Roger ana daftari, na humo anaandika akijifanya yeye ndiye Bethany. Binti analiokota, anajikuta ndani. Badala ya kuzua ugomvi anamjibu humohumo, kwa sharti moja: dukani wasionyeshe kabisa kwamba wanaandikiana.

Kwa hiyo angalieni, sauti ya kwanza ya “Bethany” si yake. Ukilikosa hilo, majibu yake yatakuchanganya.

Wengi wanakwama kwenye Glove Pond, riwaya anayoiandika Roger. Steve na Gloria, mke na mume, wanakunywa skochi na kutupiana maneno mbele ya wageni wao: Kyle Falconcrest, mwandishi kijana mwenye jina, na mkewe Brittany. Imeandikwa vibaya, tena kwa makusudi. Usiiruke! Kila ukimaliza kipande chake, rudi kwenye barua ya Roger iliyotangulia. Kinachomuuma utakikuta kwa Steve, kimevaa suti. Halafu Kyle naye anaandika riwaya kuhusu duka la vifaa vya ofisi. Hapo Coupland anacheza, na mimi nampa maua yake.

Simpi kwenye sauti. Baadaye DeeDee, mama yake Bethany, naye anaandikiana na Roger, na wote wana ulimi uleule wa dhihaka. Ukifunika majina, kuna barua hutajua ni ya nani.

Kiingereza chake ni chepesi, kinachokwamisha ni utani wa bidhaa na matangazo ya Marekani ya Kaskazini. Barua ni fupi, daladala ya Kwa Mrombo mpaka mjini inatosha mbili tatu. Anayetaka matukio ya kukimbizana, pesa yake aiweke. Mkiwa wawili, gawaneni: mmoja asome Roger kwa sauti, mwingine Bethany, na Glove Pond someni kwa mbwembwe zote kama mchezo wa redio.