Makaburi ya Vita, Barabara ya Bagamoyo: tulikwenda kumtafuta babu

Tangu nikiwa mdogo namsikia shangazi yangu akisema: "Babu yetu alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo, hakurudi." Habari yote tuliyonayo ni hiyo. Waingereza waliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti 1916, wakataka watu wa kuwabebea risasi na unga kuwafukuzia Wajerumani kuelekea Rufiji, naye akachukuliwa. Jina lake amepewa kaka yangu mkubwa. Mwezi uliopita Shangazi alikuja Dar kutibiwa macho, akasema kabla hajarudi apelekwe kwenye makaburi ya askari wa vita ile. Tukakodi bajaji.

Makaburi yako Barabara ya Bagamoyo, kama kilomita tano ukitokea katikati ya mji. Kiingilio hakuna. Tulifika asubuhi, jua halijakolea, na niseme kweli, mahali pale panatunzwa. Nyasi zimekatwa chini, mistari ya makaburi imenyooka, hakuna chupa wala mfuko wa plastiki. Kijana aliyekuwa akipalilia aliacha kazi yake, akamwamkia Shangazi shikamoo, akamtafutia kiti akamweka kivulini. Kwa hilo namshukuru sana.

Ukienda, jua kwanza kwamba wengi waliolala pale walizikwa kwingine. Mwaka 1968, makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa Ocean Road yalihamishwa kupisha barabara mpya. Miaka michache baadaye yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako hapakuwa tena na uhakika wa kuyatunza. Leo wanaokumbukwa pale kutoka vita hiyo ni 1,764, na wa Vita ya Pili ni 41.

Sasa fika kwenye kuta. Kule Ocean Road, Waafrika walizikwa bila kila mmoja kuwekewa alama yake. Siku ya kuhamishwa ilipofika, nani angejua huyu ni nani? Wakazikwa upya kwa pamoja, na juu ya kila kaburi la pamoja ukajengwa ukuta wa kumbukumbu. Mzungu aliyekufa kwa malaria mwaka 1917 ana jina lake na kikosi chake. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara mwaka huohuo yumo humo na wenzake, na hakuna atakayeweza kumtenga tena. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Simlaumu anayekata nyasi leo. Kosa lilifanyika siku ile ya kwanza, kwa kukosa kijiti kimoja chenye jina.

Upo pia ukumbusho wa Waingereza na Wahindi, wenye majina ya maofisa na askari zaidi ya 1,500 waliokufa kuanzia Januari 1917, jeshi lilipoanza kusonga Rufiji, na ambao makaburi yao hayajulikani. Shangazi aliposikia neno Rufiji akasimama. "Nisomee," akasema. Nikaanza kumsomea, safu baada ya safu, naye akisikiliza kila jina kama anayesubiri kuitwa hospitali. Nilipochoka akauliza, "Wa kwetu wameandikwa wapi?" Sikuwa na jibu. Akarudi kwenye ukuta mmoja wa Waafrika, akainua mikono, akasoma Fatiha.

Tulipotoka tukapitia Sanamu ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ina maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, na wapagazi wametajwa: eti walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaendelea kusema kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Shangazi akanirudisha nisome mara ya pili, maana magari yalikuwa yanapiga honi. Halafu akasema, "Sisi tumelikumbuka. Mbona wao hawakuliandika?" Na Kariakoo yenyewe, tulikokwenda kumnunulia vitenge, imepata jina kwa hicho kikosi cha wapagazi, Carrier Corps.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza mahali hapa, ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Ni hatua njema, naipokea. Tovuti yao ina sehemu ya kutafuta jina la marehemu. Nimejaribu la babu kwa tahajia nne. Halipo.

Kwa utunzaji, utulivu na ukarimu nawapa nyota tano. Kwa wapagazi siwezi kuwapa nyota hata moja mpaka majina yaanze kuonekana. Nendeni, na watoto muwapeleke. Nendeni asubuhi, mbebe maji. Na kama unampeleka mzee anayemtafuta mpagazi wake, mwambie mkiwa bado nyumbani kwamba huenda jina asilikute. Mimi sikumwambia Shangazi.