Mwanza hadi Musoma kwa gari la kukodi: uzoefu wangu

Tulikodi Noah na dereva wake kwa siku nzima, kwenda Musoma na kurudi: mimi, mke wangu, mama mkwe na watoto. Tulilipa laki mbili na nusu, mafuta yakiwa juu yao. Kwa safari inayozidi kilomita 400 kwenda na kurudi, bei hiyo naiona ya haki.

Wengi hudhani ukishika barabara ya Musoma utakwenda na ziwa njia nzima. Sivyo. Ukishaiacha Igoma ni mashamba ya mpunga na pamba, ng'ombe, na yale mawe yetu yaliyobebana. Magu tuliipita tu. Mama mkwe akaanza, "Mwanangu, ziwa lenyewe liko wapi?" Dereva akamjibu, "Vumilia mama, Lamadi utaliona mpaka uchoke."

Na kweli, kukaribia Lamadi Ghuba ya Speke ikatufungukia kushoto. Kijana akaacha lami, akatushusha hadi ufukweni kwenye mitumbwi, dagaa wameanikwa na akina mama wanawageuza. Mama akashuka, akasalimiana nao Kisukuma, maongezi yakanoga. Dereva hakupiga honi wala hakutuharakisha. Hapo ndipo hela yangu ilipofanya kazi, maana basi lisingesimama pale.

Mbele kidogo ni lango la Ndabaka, ambako Serengeti inashuka hadi karibu kabisa na ziwa: hifadhi kulia, maji kushoto. Watoto waliwaona nyani kando ya barabara bila sisi kulipa kiingilio. Nampongeza dereva pia kwa kushika hamsini kwenye kila kijiji, hata pasipo na trafiki.

Kilichoniudhi ni asubuhi. Gari lilichelewa karibu saa nzima, na muda huo ukakatwa kwenye makumbusho ya Bujora, pale Kisesa. Zile ngoma za watemi na lile banda lenye umbo la kiti cha enzi si vitu vya kuchungulia. Mtoto wa Kisukuma anayekulia mjini anatakiwa aambiwe kila ngoma ilikuwa ya nani. Nimewaeleza wenye gari, wakaomba radhi.

Musoma tulikula sato na ugali, kisha tukaenda Matvilla, kwenye ncha ya rasi, mnandi wakikausha mbawa juu ya mawe. Pazuri mno! Butiama tuliiacha makusudi. Kaburi la Mwalimu lina heshima yake, litafutiwe siku yake.

Ukitaka safari hii, sisitiza gari liwe mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, kubaliana nao mapema kwamba Bujora na Lamadi mtasimama, na wazee wakae kushoto wakati wa kwenda. Dereva huyohuyo nitamwomba tena.